Kuchi wa kijivu: kisa cha mfugaji aliyekuwa akiuza mbegu aliyoitafuta

Mji, majina na miaka nimeviondoa. Mfugaji mwenyewe, ambaye hapa nitamwita Mzee S., alisomewa andiko hili lote barazani kwake na akakubali litoke kwa sharti moja, kwamba nisiseme kuku wake walikuwa wabaya. Hawakuwa wabaya. Hilo ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki.

Hali ilivyokuwa

Mzee S. anaishi pwani ya Tanzania, kwenye kiwanja cha urithi chenye minazi michache na mabanda matatu ya miti na wavu. Anafuga kuchi. Kwa asiyemjua, kuchi ni kuku wa asili anayepatikana zaidi mwambao, visiwani na Kanda ya Ziwa. Ni mrefu, husimama wima, ana shingo na miguu mirefu, kichwa kidogo na mdomo mfupi uliopinda. Manyoya yake ni machache na yamebana mwili, hata ngozi nyekundu huonekana kidarini. Jogoo mzima hupita kilo mbili na nusu bila shida. Hatagi sana, na anayemfuga kwa ajili ya mayai atakata tamaa mapema. Watu humfuga kwa nyama, kwa umbo na, tuseme ukweli, kwa fahari.

Kuchi wana rangi nyingi: weusi, wekundu, weupe, wa madoa. Mzee S. alitaka rangi moja tu, kijivu cha wingu la mvua. Mjomba wake alikuwa na jogoo wa namna hiyo zamani, na yeye hajamsahau. Tena soko lipo. Pora, yaani jogoo kijana, wa kijivu aliyesimama vizuri alimletea shilingi 60,000, wakati ndugu yake mweusi wa tumbo hilohilo aliondoka kwa 25,000.

Alianza na jogoo mmoja wa kijivu aliyemnunua mkoa mwingine, mnyama mrefu kweli, pamoja na mitetea watano: wawili wa kijivu na watatu weusi. Wote walikaa banda moja.

Miaka mitatu ya kuchuja

Mwaka wa kwanza alipata vifaranga 41 katika mayai 60 yaliyolaliwa. Wa kijivu walikuwa 20, weusi 17. Wanne waliosalia walikuwa na rangi ambayo pale nyumbani waliiita "weupe wachafu": mwili mweupe unaoelekea majivu, umenyunyiziwa matone ya kijivu na meusi kama wino uliodondoka. Mzee aliamini muuzaji wa jogoo amemchezea, kwamba damu ya jogoo yule ilikuwa imechanganywa na kuku weupe. Wale wanne walichinjwa kwenye maulidi. Weusi wakauzwa, pamoja na mama zao watatu. Matembe, yaani mitetea wachanga, sita weusi walichukuliwa na jirani wa nyumba ya nne ambaye alitaka kuku wa kulalia mayai ya bata.

Mwaka wa pili jogoo yuleyule aliwekwa na mitetea wa kijivu watupu, yaani wale wawili wa mwanzo na binti zake mwenyewe. Mzee akaongeza mtetea mmoja wa sokoni, kuku wa kienyeji wa kawaida, kwa sababu kijivu chake kilikuwa safi kuliko cha wote. Mayai 92, vifaranga 52. Kijivu 27, weusi 14, weupe wachafu 11.

Hapo ndipo hasira ilipomshika. Alikuwa amewaondoa weusi wote bandani, na bado weusi wakazaliwa. Alikuwa amewachinja weupe wachafu wote, nao wakaja wengi kuliko mwanzo. "Nachuja nazi, tui linatoka na machicha," aliniambia baadaye.

Mwaka wa tatu alimpumzisha jogoo mzee na kumweka mwanawe, pora wa yule mtetea wa sokoni, kwa sababu kijivu chake kilikuwa hakina dosari. Mayai 96, vifaranga 44 tu. Kijivu 23, weusi 11, weupe wachafu 10. Juu ya hayo, vifaranga sita waliota upanga wa kichwani (wengine huuita undu) uliosimama wenye meno kama msumeno. Kuchi wa pale wote walikuwa na upanga mdogo uliolala, wenye mistari mitatu myembamba. Na miguu ilikuwa imeanza kufupika. Kwenye nguzo ya banda Mzee alikuwa na desturi ya kuchora alama ya chaki kuonyesha urefu wa mapora wakifikisha miezi mitano. Kati ya mapora tisa wa mwaka ule, wawili tu ndio waliofika kwenye mstari wa mwaka wa kwanza.

Ndipo nilipoitwa. Aliponipigia simu alisema, "Daktari, njoo uone, kuku wangu wamefanyiwa mambo." Mimi si daktari, ni mfugaji niliyesomea uzalishaji wa wanyama, ila huku kila anayeingia bandani na daftari ni daktari.

Siku ya daftari

Kumbukumbu zilikuwepo. Mzee alikuwa fundi seremala, na mafundi huandika. Mayai aliyoweka, vifaranga waliotoka na rangi zao vyote vilikuwa kwenye daftari la shule lenye jalada lililopasuka. Kilichokosekana ni nani alizaliwa na nani. Kifaranga kilikuwa na mwaka na rangi, hakikuwa na mama.

Nilimwomba mjukuu wake, msichana wa kidato cha nne, atusomee hesabu za miaka mitatu kwa sauti. Alipofika mwaka wa pili alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani na kurudi na daftari lake la biolojia. "Babu, hii tumeisoma. Ua jekundu na ua jeupe linazaa la waridi. La waridi kwa la waridi, moja jekundu, mawili ya waridi, moja jeupe." Akaweka kidole kwenye hesabu za babu yake: 14, 27, 11. Sikuwa na la kuongeza.

Kijivu cha namna hii si rangi inayosimama peke yake. Ni nusu ya njia kati ya nyeusi na ule weupe mchafu. Kuku mweusi hana kipimo chochote cha kinachofifisha weusi, wa kijivu ana kimoja, mweupe mchafu ana viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mzazi mwenye viwili humpa kila mtoto kimoja, na mwenye kimoja humpa, kwa wastani, nusu ya watoto wake. Kwa hiyo kijivu kwa kijivu huzaa, kwa wastani, robo weusi, nusu kijivu, robo weupe wachafu. Kijivu kwa mweusi huzaa nusu kwa nusu. Mweusi kwa mweupe mchafu hana njia nyingine, watoto wote ni kijivu. William Bateson na Reginald Punnett walilifafanua jambo hili pale Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwatumia kuku wa Andalusia, walewale wa kijivu wa Uhispania, na hadi leo ndio mfano wa vitabuni.

Nusu. Tazama tena hesabu za Mzee: 20 kati ya 41, 27 kati ya 52, 23 kati ya 44. Miaka mitatu ya kuchagua kwa bidii, na kijivu hakikuwahi kutoka penye nusu. Kuwaondoa weusi na weupe wachafu hakukuisogeza hesabu hata kidogo, kwa sababu wale aliowabakiza kila mmoja alibeba nusu ya weusi na nusu ya weupe. Na wale aliowauza na kuwachinja ndio pekee ambao wangeweza kumzalia kijivu kitupu.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Basi wale wanne wa maulidi?" Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alicheka mpaka akauweka ungo chini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu kuuelewa kwa mtu aliyeniita kwa ajili ya rangi. Nilisema rangi tuiweke kando, tuanze na umbo. Kijivu kinaamuliwa na kitu kimoja tu, na ukiwa na wazazi wawili sahihi unakipata kwa kizazi kimoja. Urefu wa mguu, kusimama wima, upana wa kifua na mbano wa manyoya huamuliwa na vitu vingi vidogovidogo, na kila kimoja huchangia kidogo, tena chakula na malezi navyo huingilia kati. Ukivipoteza, huvirudishi kwa mwaka mmoja. Mzee alikuwa amefanya kinyume: kila wa kijivu alibaki, awe mrefu awe mfupi, na kila mweusi alitoka, hata aliyesimama kama baba yake.

Tulimtoa kila kuku mmoja mmoja na kumsimamisha kwenye sakafu ya saruji mbele ya nguzo ya chaki. Hatukumshika, maana kuku aliyeshikwa hajionyeshi. Tuliangalia mguu, mgongo, shingo, mkia na vidole. Mjukuu aliandika. Kati ya mitetea 17 wa kijivu, tuliokubaliana wote watatu kwamba ni kuchi hasa walikuwa wanne.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwarudisha weusi. Jirani wa nyumba ya nne alikuwa bado na matembe watano kati ya wale sita, sasa mitetea wakubwa, na tulipokwenda kuwaona tulisimama midomo wazi. Walikuwa warefu. Walizaliwa mwaka wa kwanza, kabla ya mtetea wa sokoni kuingia, na kwa kuwa hakuna aliyewachagua kwa lolote, umbo la jogoo wa mwanzo lilikuwa limekaa kwao salama likilalia mayai ya bata. Jirani naye si mtoto. Alipoona tumekuja watatu na daftari, alitaja shilingi 40,000 kwa kila mmoja. "Nilikuuzia elfu kumi na tano!" Mzee alisema. "Ulimuuzia mtu wa bata," akajibiwa. Tulimalizana kwa 30,000 na trei mbili za mayai ya bata zikapotelea upande wa jirani, kwa sababu ambazo sikuzielewa.

Mweupe mchafu alipatikana mmoja tu aliye hai, jogoo wa mwaka wa pili, kwa shemeji yake Mzee. Mtoto wa pale alikuwa amempenda na kukataa achinjwe. Alikuja kwa kubadilishana na mitetea wawili. Umbo lake lilikuwa la wastani kwenda juu: mguu mzuri, kifua kizuri, mkia umeinuka kidogo kuliko ninavyopenda.

Tatizo ni kwamba hatukujua mama yake. Kama ni mtetea wa sokoni, basi jogoo huyu alibeba upanga wa msumeno kwa siri. Upanga uliolala huufunika ule uliosimama, hivyo kuku mwenye kimoja na kimoja huonekana karibu sawa na aliye safi. Siri hutoka pale wawili wenye siri wanapokutana, na ndivyo ilivyotokea mwaka wa tatu.

Njia ya kumjua ni rahisi na haina gharama kubwa. Mweke jogoo na mitetea wenye upanga wa msumeno, na kuku wa namna hiyo wamejaa mtaani. Kama jogoo ana siri, kila kifaranga kina nusu ya nafasi ya kuota msumeno. Ukipata vifaranga saba na wote wana upanga uliolala, nafasi ya jogoo mwenye siri kukudanganya hivyo ni moja katika 128. Tuliazima mitetea watatu, tukapata vifaranga tisa, wote upanga umelala. Jogoo alipita. Wale vifaranga tisa walirudi kwa wenye kuku kama shukrani.

Uamuzi wa tatu ulihusu damu. Jogoo mweupe na mitetea weusi walikuwa na baba mmoja. Nataka hapa nieleze hesabu ambayo wafugaji wengi hawaipendi. Kundi lenye jogoo mmoja na mitetea kumi, ukilipima kwa upana wa damu, ni sawa na kundi la kuku wasiofika wanne. Kila kizazi undugu ndani ya kundi hupanda kwa karibu asilimia 14. Ukiwa na majogoo watatu na mitetea 12, unakuwa sawa na kundi la kuku tisa na kitu, na undugu hupanda kwa asilimia tano hivi. Mzee alikuwa na jogoo mmoja, tena amemweka na binti zake. Kuanguliwa kulishuka kutoka 41 kati ya 60 hadi 44 kati ya 96, na alipopima mayai kwa tochi siku ya kumi na nane, mengi yalikuwa na kifaranga kilichokufa ndani. Yeye alilaumu joto la bati.

Kwa hiyo tulihitaji jogoo mweusi kutoka mbali. Mpango wa mabanda ukawa hivi. Banda la kwanza: jogoo mweupe mchafu na wale mitetea weusi watano, kwa ajili ya kijivu cha kuuza. Banda la pili: jogoo mweusi mgeni na mitetea weusi watakaochaguliwa kwa umbo peke yake. Banda la tatu: wale mitetea wanne wa kijivu waliopita kwenye nguzo, ambao mgeni mweusi angehamia kwao baadaye, binti zao wa kijivu mwaka unaofuata wangepelekwa kwa jogoo mweupe, na hapo nusu ya watoto wangekuwa weupe wachafu wenye damu mpya. Ni mzunguko mrefu kwa ajili ya kuku ambaye hakuna mteja anayemtaka. Mzee alisema hivyo hivyo.

Kosa langu la siku nane

Tulimwondoa yule pora, mwana wa mtetea wa sokoni, tukamweka jogoo mweupe na mitetea weusi, ambao kwa siku chache walikuwa wamekaa na huyo pora kabla banda halijakamilika. Mzee aliuliza asubiri siku ngapi kabla ya kukusanya mayai ya kuangua. Nilisema wiki moja inatosha. Alisubiri siku nane, mtu makini.

Vifaranga 14 walitoka. Kumi kijivu, wanne weusi.

Ujumbe wa simu niliopokea asubuhi ile sitauandika. Lakini wale wanne weusi walikuwa ushahidi mzuri kuliko kitabu chochote. Baba mweupe mchafu humpa kila mtoto kipimo kimoja cha kufifisha, hakosi. Hawezi kuzaa mweusi. Basi wanne wale, na pengine baadhi ya wale kumi, hawakuwa wake. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake na kuendelea kurutubisha mayai kwa wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Salama ni siku 21 tangu jogoo wa zamani aondoke. Nilikuwa nalijua hilo tangu chuoni. Nililisema vibaya kwa haraka, kwa sababu msimu ulikuwa unakwenda na mimi pia nilitaka kuona kijivu.

Wote 14 tuliwaondoa kwenye hesabu ya mbegu. Tangu siku hiyo kila yai la mbegu liliandikwa kwa penseli namba ya banda na tarehe, na kila kifaranga kilitobolewa utando kati ya vidole siku ya kwanza. Miguu miwili ina nafasi nne za kutoboa, zinazokupa alama 16 tofauti, na hazipotei kama pete za plastiki.

Jogoo wa kununua

Jogoo mweusi wa kwanza tuliyemleta alikuwa mzuri kupindukia. Tulimtenga wiki tatu, akapata chanjo ya kideri ya matone ya jicho, ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, kisha akapelekwa kwenye mtihani wa upanga. Vifaranga wanane, watatu msumeno. Mzee aliomba tumbakize. Alisema umbo kama lile haliokotwi njiani, na kwamba siri ya upanga ingeweza kuchujwa baadaye. Hakukosea kabisa, na mwenye mabanda kumi angefanya hivyo. Sisi tulikuwa na matatu. Aliuzwa kwa mtu wa supu, na hadi leo Mzee hupitia njia nyingine asimwone yule mtu.

Wa pili alikuwa mfupi kidogo, lakini alitoa vifaranga 11 wote safi. Akaingia banda la pili.

Matokeo

Baada ya kusubiri siku 21, banda la kwanza lilitoa vifaranga 38 mwaka ule wa nne. Kijivu 38. Mjukuu alituma picha ya katoni nzima.

Mwaka wa tano kuanguliwa kulifika wastani wa nane hadi tisa kwa kila mayai 12. Msumeno haukuonekana tena. Kwenye nguzo, mapora saba kati ya 12 walifika mstari wa mwaka wa kwanza, na mmoja aliupita. Sehemu ya mafanikio haya nadhani ni chakula. Mzee alianza kuwapa dagaa wa kusaga, na mguu hauoti kwa damu peke yake.

Wekundu mabegani ndio uliotushinda. Mapora watano wa kijivu kati ya 19 waliota manyoya ya kutu kwenye mabawa walipokomaa. Mitetea weusi hawaonyeshi kasoro hii, wanaibeba tu, na inajitokeza kwa wana wao wa kiume. Tunalazimika kuwahukumu mama kwa watoto, na hilo linataka kujua mtoto gani ni wa mama gani. Banda lenye mitetea watano na jogoo mmoja haliwezi kukuambia hivyo. Tungehitaji kumtenga kila mtetea siku zake za kutaga. Mzee amesema labda mwakani, kwa sauti ambayo naijua.

Uchambuzi

Kosa la Mzee S. halikuwa uvivu wala ujinga. Alichagua kwa ukali kuliko wafugaji wengi ninaowajua, na aliandika. Ila alichagua kwa kuangalia kuku aliyemtaka, hakuwahi kuuliza kuku huyo anatokana na nani. Kwa rangi nyingi mazoea hayo yangemfikisha mahali. Kwa kijivu, hata angeendelea miaka 20 angebaki penye nusu.

Kilichosaidia zaidi ya yote, kwa maoni yangu, ni kwamba alikuwa ameandika idadi ya wale asiowataka. Wafugaji wengi huandika waliobaki. Kama daftari lingekuwa na wa kijivu peke yao, 20, 27, 23, msichana yule asingeona kitu, na mimi ningetumia siku nzima kuuliza maswali.

Mtetea wa sokoni nimemfikiria sana. Je, alikuwa hasara tupu? Alileta msumeno, miguu mifupi na mkia mlegevu. Lakini pia alileta damu mpya kwenye kundi lililokuwa linakufa ndani ya mayai. Kosa halikuwa kumwingiza, lilikuwa kumfanya mwanawe awe baba wa kundi zima kwa mwaka mmoja bila kumjaribu. Mtetea mgeni akikosea, huharibu sehemu ndogo ya vifaranga wako. Jogoo mgeni huwaharibu wote.

Na kuhusu wale weusi wa jirani, ile ilikuwa bahati, siwezi kuiita mbinu. Jirani angependa pilau kuliko bata, kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine. Sasa Mzee huweka kwa makusudi jozi mbili za mbegu kwenye nyumba nyingine, kwa hofu ya kideri zaidi ya kitu kingine, na jirani analipwa kwa vifaranga.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Nilimkuta kijana mmoja amesimama mlangoni na tenga, sauti iko juu. Alikuwa amenunua jogoo na mitetea watatu wa kijivu mwaka jana, amewafuga vizuri, na sasa wamemzalia weusi na wengine weupe wachafu. Alisema ameuziwa machotara. Mzee S. alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kiti, akamwita mjukuu alete daftari. Kisha akamuuliza, kwa upole mkubwa:

"Hao weupe wachafu, mwanangu, hujawachinja bado?"